Kwa Baba, Aliyedhaniwa Kuwa Akani

Mpendwa Baba,

Watu wa Eldoret wamekuita Akani. Sijui njia nzuri ya kukueleza jambo hili, ndiyo maana nimelitaja kwanza, kama mtu anayejitupa ndani ya mto baridi kabla hajabadili nia. Wamesema wewe ni yule mtu wa kitabu cha Yoshua aliyeiba vitu vilivyokatazwa, akapigwa mawe na watu wake, kisha rundo la mawe likawekwa juu yake. Au kama si yeye mwenyewe, basi Mwisraeli mwingine wa namna yake aliyepotelea huku kwetu zamani sana. Wewe, Baba, uliyemrudishia mwenye shamba hata msumari uliouokota njiani.

Unajua mimi ni mwoga tangu utoto. Siku moja ulimwambia Mama, ukidhani sisikii, "Huyu atafika mbali, maana huangalia anapokanyaga." Mama akacheka, akasema anayeangalia miguu tu hugonga kichwa. Nyote wawili mlisema kweli. Nilifika mbali, hadi ofisi ya wakili mjini, nikavaa tai na kupiga taipu, na kichwa nimekigonga. Nitakusimulia kwa utaratibu ulionifundisha: nilichokiona, nilichoambiwa na nilichofikiri, kila kimoja mahali pake.

Nilichokiona kwanza ni mawe yakipandishwa kilima. Tuliishi kwenye shamba la mzungu upande wa Sugoi. Siku sita uliongoza maksai, na siku ya saba ulikuwa Mwalimu Zakayo. Mwenye shamba hakutaka kanisa lijengwe kwenye ardhi yake. Alisema nyumba ikishasimama, watu hudhani ni yao. Ukatafuta mahali pasipohitaji kujengwa. Juu ya kilima, nyuma ya vibanda vya maskwota, vibarua tulioruhusiwa kukaa shambani, palikuwa na yale mashimo ya mviringo yanayoonekana kote Uasin Gishu, mapana kama boma la mtu, na kingo zake zina mawe yaliyozama kwenye nyasi. Wazee wa Kinandi waliochunga pale walisema ni mazizi ya Wasirikwa, watu waliofuga ng'ombe katika nchi hii kabla yao, kisha wakaondoka. Ulichagua shimo moja lililokinga upepo. "Wametuachia zizi zuri," ulisema, "na sisi ni kondoo. Tuingie."

Ndipo ukaanzisha desturi yako. Kila nyumba iliyobatizwa ilichagua jiwe mtoni na kulipandisha hadi kwenye shimo, na wewe ukalipanga kwenye mstari, kama Yoshua alivyopanga mawe baada ya kuvuka Yordani, ili watoto waone na kuuliza. "Mtoto asipouliza mawe haya ni ya nini," ulisema, "mmemlea vibaya." Yalipofika kumi na mawili ulisema yatosha, na waliobatizwa baadaye walipewa kazi ya kuyakalia.

Jiwe ninalolikumbuka zaidi ni la Yakobo, yule mchungaji wa maksai mwenye maneno mengi. Alichagua kubwa kupita nguvu zake kwa sababu wanawake walikuwa wakitazama. Katikati ya mwinuko akasimama, magoti yakimtetemeka.

"Yakobo!" wakamwita. "Umebeba jiwe au umebeba mke wa pili?"

"Mke wa pili angekuwa anatembea!" akajibu, na kwa kucheka likamponyoka, likabingirika hadi chini, na wewe ukamfanya aanze upya. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye nyasi. Ulinitazama kwa ukali, kisha nawe ukageuza uso ili nisione mdomo wako.

Nakumbuka pia mikwaruzo. Siku za kazi wanaume walipitia pale asubuhi kunoa panga zao kwenye yale mawe, kwa kuwa mawe ya mtoni hunoa vizuri. Ulilalamika kwamba wanachafua nyumba ya Bwana. Baadaye nilikuona ukinoa ya kwako.

Halafu ulirudi kutoka Timboroa na shehena ya mbao, umelowa hadi mifupani, ukaugua kichomi. Ulipokufa mvua haikuwa imekatika. Njia ya kwenda kwetu Bunyore ilikuwa matope matupu, na mwenye shamba alikataa kutoa gari la maksai, maksai walewale uliowaita kwa majina. Ikabidi uzikwe ugenini, kwenye ukingo wa shimo lako la kusalia. Mama alikataa kukuvua kile kibati cha namba ulichopewa Kariakoo, kikosi cha wapagazi wa jeshi, wakati wa vita, ulichokuwa ukikivaa shingoni. "Aende nacho," alisema. "Akiitwa kwa namba, aitike." Wanaume wakarundika mawe juu yako, mengi kuliko yaliyohitajika, kwa sababu ya fisi. Msalaba wa mti uliliwa na mchwa kabla sijajua kuusoma.

Baada ya hapo shamba likauzwa na maskwota wakaambiwa wahame. Mama akarudi Bunyore, mimi nikabaki shuleni misheni. Nyasi zikaota, na hakuna aliyebaki pale wa kuulizwa.

Mnunuzi alikuwa Kaburu mzee mwenye ndevu hadi kifuani, na watu walimwita Bwana Ndevu. Sitaki umdhanie kuwa tapeli, Baba. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu. Babu zake walihama kwa magari ya maksai wakitafuta nchi, wakiamini kwamba Mungu anawatangulia kama alivyowatangulia Waisraeli, naye aliamini hivyo hivyo. Mke wake alikuwa amekufa, na watoto wake wa kiume walikuwa wameondoka huku nyanda za juu. Alikuwa amebaki na Biblia na ng'ombe. Alipochoma nyasi za kilima ili kupanda ngano, aliona mstari wa mawe kumi na mawili, akapiga magoti kwenye majivu.

Alikuja ofisini kwa wakili na Biblia kwapani, ili maelezo yake yaandikwe vizuri na kupelekwa kwa gazeti la Nairobi. Wakili alisema, mimi nikapiga taipu. Mawe kumi na mawili kwa idadi ya makabila ya Israeli. Juu yake maandishi ya kale, pengine Kiebrania, yaliyochongwa kwa chuma. Na kando yake rundo la mawe lenye urefu wa mtu, kama lile lililowekwa juu ya Akani. Hapo vidole vyangu vikasimama.

"Kuna nini, karani?" wakili akauliza.

"Utepe umekwama, Bwana."

Nikaurekebisha utepe ambao haukuwa na shida yoyote, nikaendelea. Ungeniuliza kwa nini sikusema palepale. Kipande changu, kitambulisho cha kazi, kilikuwa shingoni, kama cha kila mtu mweusi mjini, na ndani yake kulikuwa na sahihi ya yule yule niliyepaswa kumkatiza mbele ya mteja wake. Wakili akiandika kwamba nimeachishwa kazi, sina ruhusa ya kulala Eldoret. Nilijiambia kwamba gazeti halitachapisha upuuzi kama huo.

Lilichapisha. Na kanisani kwetu, kwa watu wetu wenyewe, habari ilipokelewa kama mvua. Miaka hii magazeti yamejaa habari za wachimbaji huko kwenye nchi za Biblia: mara mji wa kale umepatikana, mara tope la gharika, mara ukuta wa Yeriko. Kila moja ikifika, mzee wa kanisa huisoma kwa sauti na watu hupiga makofi. Sasa ilikuwa zamu yetu. Waisraeli walipita Sugoi! Mama mmoja alilia. Alisema maisha yake yote ameambiwa kwamba Mungu aliletwa kwetu na wazungu kwa meli, na kumbe alikuwa ametangulia kwa miguu.

Nilimtafuta Yakobo. Sasa ni mzee, mpishi katika hoteli ya mjini, na maneno yake hayajapungua. Nilimkuta nyuma ya jikoni akimenya viazi.

"Mzee Yakobo, umesikia habari za mawe?"

"Nimesikia na kushangilia, mwana wa Mwalimu."

"Lakini wewe ulibeba moja. Lilibingirika. Wanawake walikucheka."

"Mimi nilibeba jiwe," akasema taratibu. "Kama ni lile, sijui. Mlima ule una mawe mangapi? Wewe ulikuwa mtoto, ulikuwa unatokwa na kamasi."

"Na maandishi ya Kiebrania? Si tulinoa panga pale?"

Akacheka, akanirushia ganda la kiazi. "Wewe karani, kalamu imekuingia kichwani. Mzungu anasema tulikuwa tunasali mahali pa Waisraeli. Wewe unataka kusimama useme, hapana Bwana, tulikuwa tunanoa panga? Utapata nini? Waache watu wafurahi. Wanafurahi mara ngapi?"

Niliondoka nikiwa nimeshindwa, kwa sababu swali lake la mwisho lilikuwa la kweli.

Hapo ndipo nilipokukumbuka ukishughulika na yule mwuza vitabu. Alipita shambani na begi la trakti za dini na kipande cha ubao cheusi kilichofungwa kwenye kitambaa. Alisema kimetoka kwenye safina ya Nuhu, kwamba mlima umepandwa na safina imeonekana kwenye barafu. Watu walikigusa kwa zamu. Wewe ulikishika, ukakinusa, ukauliza, "Aliyekiokota ni nani? Wewe ulikipata mkononi mwa nani? Na huyo alikipata wapi?" Kila jibu lilikuwa mtu ambaye hajulikani aliko. Mwuza vitabu akakasirika, akasema kumbe mwalimu huamini kidogo kuliko kondoo wake. Ukamrudishia ubao kwa mikono miwili, kwa heshima. Tulipokuwa peke yetu ulisema, "Nikiuweka ubao huu chini ya imani ya watu kama nguzo, siku ukioza, nitawaambia nini?"

Nilikuwa na umri wa kuelewa nusu tu. Sasa nimeelewa iliyobaki, na hainifariji. Ukuta ukifukuliwa, mtu amepata ukuta. Udongo unaweza kusema ni wa kale kiasi gani, na kama moto uliupitia. Kama tarumbeta zilipigwa, udongo haukusikia. Mji uliotajwa kwenye Kitabu kuwepo kweli ni jambo dogo. Hata msimulizi wa uongo husema kweli jina la mto. Haya yote nilikuwa nayajua kwa akili. Lakini tangu siku ya taipu kuna hofu mpya iliyoniingia. Kila nikisoma habari ya mahali palipofukuliwa, najiuliza ni mwalimu yupi wa watu gani amelala chini yake, na mwanawe yuko wapi, na kwa nini amenyamaza.

Baadaye ilikuja barua kutoka Nairobi. Mtaalamu wa mambo ya kale angefika kuchunguza, na kazi yake ya mwisho ingekuwa kulifungua rundo. Nilihitajika kama mkalimani.

Nilirudi kwa Yakobo. Safari hii sikubishana. Nilimwambia, "Wanamfukua Mwalimu." Akaacha kisu.  Kisha akasema atakuja, na atasema.

Mtaalamu alikuwa mtu mtaratibu, mwenye sauti ya chini. Alisafisha kila kitu kwa brashi ndogo kama anayempaka mtoto poda, kwa hiyo wafanyakazi walimpa jina kabla ya saa sita: Bwana Brashi. Ningependa kukuambia alikuwa mpumbavu. Hakuwa. Aliinua jiwe moja, akatazama chini yake, akasema mawe haya yamekaa juu ya udongo na wala hayajazama, na kwa maoni yake hayajamaliza hata umri wa mtu mzima pale. Alipopitisha kidole kwenye "Kiebrania" cha panga zenu, alitabasamu. Shimo lenyewe, alisema, ndilo la kale kweli, zizi la watu wa nchi hii, na hilo peke yake linatosha kuwa ajabu. Bwana Ndevu alisikiliza huku akikunja kofia yake.

"Fungua ile," akasema kwa Kiswahili chake, akinyoosha kidole kwako. "Kama Mungu iko kweli, itaonekana."

Bwana Brashi akataka kwanza kusikia wenyeji. Yakobo akaletwa mbele, amevaa koti lake jeupe la upishi lililofuliwa. Nikamuuliza swali kama lilivyotoka: nani aliyeyaweka mawe haya?

Yakobo alimtazama mtaalamu, akamtazama Bwana Ndevu, akayatazama mawe muda mrefu. Nilimwona akilitambua la kwake, Baba. Nitaapa hivyo popote.

"Tuliyakuta," akasema.

Niliyageuza maneno yake kuwa Kiingereza bila kuongeza wala kupunguza. Kisha nikasema sentensi nyingine ambayo hakuna aliyenituma kuisema: "Bwana, mawe haya tuliyaweka sisi, na anayelala chini ya rundo hili ni baba yangu. Nilikuwepo akizikwa."

Wakili, aliyekuwa ameegemea gari lake, alisimama wima.  Nilishika kalamu mfukoni kama mtu anayeshika reli ya daraja.

Bwana Brashi hakukasirika. Alifikiri. "Mzee huyu anasema mliyakuta," akasema. "Wewe unasema mliyaweka. Mmoja wenu anakosea, na siwezi kujua ni nani kwa kuwatazama. Udongo ndio utakaoamua."

Nilidhani nina kitu cha kumzuia. Nikamwambia juu ya kibati, namba ya Kariakoo, kamba ya ngozi shingoni. Nilidhani mtu akitaja kilichomo ndani ya chumba, hakuna haja tena ya kuvunja mlango. Uso wake ukachangamka.

"Vizuri sana," akasema. "Basi tunajua cha kutafuta."

Ndivyo ilivyokuwa. Anayeamini uongo alitaka kukufukua, na anayetafuta ukweli alitaka kukufukua, na neno la mwanao, lililosemwa kwa Kiingereza sanifu, liliwaonyesha tu mahali pa kuanzia. Nililoweza kupata ni moja. Niliomba nichimbe mimi. Bwana Brashi akakubali na kunionyesha namna ya kushika brashi.

Nilivua tai. Mawe ya fisi niliyaondoa kwa mkono, moja moja, na kila nililoliondoa nilimkumbuka mtu aliyelileta. Udongo wa chini ulikuwa mwekundu na laini. Kwanza ilitokea blanketi, au nyuzi tu zilizobaki na rangi yake. Kisha miguu yako. Sikujua ulikuwa mfupi, Baba. Kwangu ulikuwa mrefu kuliko mlango. Nilifika kifuani, na pale kilikuwepo, kimeshikana na mfupa kwa kutu.

Bwana Brashi alikisugua, akakielekeza kwenye mwanga, akaisoma namba yako kwa sauti, tarakimu baada ya tarakimu. Hukuitika.

Bwana Ndevu alishuka hadi ukingoni. "Hii hapana Akani?" akaniuliza. Aliniuliza mimi, si mtaalamu.

"Hapana, Bwana. Ni Zakayo wa Bunyore. Alikuwa akiongoza maksai wa shamba hili."

"Na mawe kumi na mbili?"

"Yalibebwa na watu wa shamba, siku za kubatizwa."

"Na maandiko?"

"Ni panga, Bwana. Walikuwa wakinoa panga."

Akakaa juu ya jiwe moja, hata sijui lilikuwa la nani. Ndevu zake zilikuwa zikitikisika. "Mimi iko mzee," akasema. "Mimi naomba Mungu kitu moja tu."  Nilimhurumia, na kumhurumia kulinikasirisha. Kisha akainuka, akavaa kofia, na macho yake yakawa ya mwenye shamba tena. "Toa yeye. Leo. Mimi hapana taka mtu ya Kariakoo kwa shamba yangu. Na hii mawe yote, peleka kwa josho ya ng'ombe, jenga."

Nilikukusanya ndani ya gunia safi la unga aliloleta Yakobo kutoka hotelini. Nilipogeuka kuchukua kichwa chako, hakikuwepo. Bwana Brashi alikuwa amekizungushia gazeti na kukiweka kwenye sanduku lenye nyasi kavu.

"Tafadhali, Bwana," nikasema. "Huyo amekwisha kujulikana ni nani."

"Ndiyo maana ana faida," akanieleza kwa upole, kama anayemfundisha mwanafunzi wake bora. "Mafuvu mengi tuliyo nayo hatujui ni ya nani. Nitalipima pamoja na mengine, kisha litarudishwa."

"Lini, Bwana?"

"Utaandikiwa. Umefanya kazi nzuri leo."

Niliomba tena. Niliomba kwa Kiingereza, na Kiingereza kiliponiishia niliomba kwa Kiswahili. Wakili akapiga honi. Aliponifikia alitia sahihi kwenye kipande changu juu ya paja lake, akasema karani anayejisemea mbele ya mteja hana kazi kwake, nisifike kesho.

Yakobo alinisaidia kubeba gunia hadi barabarani kungoja lori la mahindi la Kakamega. Alikuwa akilia waziwazi, koti lake jeupe limejaa udongo mwekundu. Sikutaka kumuuliza, lakini niliuliza.

"Kwa nini ulisema mliyakuta?"

"Mfupa ni wa Mwalimu," akasema. "Hilo nimeliona kwa macho yangu, na Mungu anisamehe. Lakini mawe, mwanangu, mawe tuliyakuta. Mimi nakumbuka tuliyakuta."

Nilimtazama kwa makini. Hakuwa akisema uongo. Jiwe lililomponyoka, wanawake, kicheko, vyote vilikuwa vimeondoka kwake, na mahali pake pamekaa Waisraeli. Nadhani ndivyo habari nyingi zinavyozaliwa. Si kwa waongo. Ni kwa watu waliochoka kubeba mawe yao wenyewe. Nimesikia kwamba kanisani bado wanalisimulia jambo hili, na gazeti halijaandika neno lolote la kusahihisha.

Hunisikii nikikuambia kwamba imani yangu imekufa. Haijafa. Naomba asubuhi kama ulivyonizoeza. Lakini naomba kama mtu anayeongea ndani ya nyumba ambayo hana hakika kama mwenyewe yumo, na sitaki tena mtu yeyote aniletee ukuta wa kunithibitishia. Nimeona jinsi uthibitisho unavyotafutwa, na nani anayelala chini ya koleo.

Sasa uko nyumbani, Baba. Uko chumba cha pili, juu ya mkeka, na gunia limefunikwa shuka la Mama la kwenda kanisani. Nilipofika nalo mgongoni hakupiga kelele. Alilipapasa toka juu hadi chini kama anayepima nguo, akasema, "Amepungua." Kisha akawaita wazee, nao wamekubaliana wakuzike jioni hii kando ya baba yako.

Kuna jambo sikulijua. Mama ameniambia leo kwamba siku uliyokufa, kwa sababu ya mvua na haraka ya watu, hakupata nafasi ya kukuosha uso. Limemkaa moyoni miaka yote hii kuliko gari la maksai, kuliko ugeni, kuliko fisi. Tangu alfajiri amekuwa mtu mwenye furaha kidogo. Amechota maji mwenyewe, hakutaka msaada. Ametafuta kitambaa laini. Namsikia jikoni akichochea moto na kuimba kwa sauti ndogo ule wimbo uliokuwa ukiuharibu kila Jumapili kwa kuukosea.

Nimekuandikia yote haya ili nichelewe. Ameniita mara moja, nikasema nakuja. Sasa ameniita tena, maji yamepata moto, nifungue gunia.

Lala salama, Baba, hapa ulipo na kule kilipo kichwa chako. Naenda kumwambia.

Mwanao,
aliyekuchimba kwa mikono yake